Namna ya Kumjenga Mbabe Mfupi Ulingoni: Mwongozo kwa Waandaaji wa Mieleka Kanda ya Kati

Mwandaaji yeyote wa mieleka ya maonyesho, ile ambayo mshindi hupangwa kabla, Dodoma na maeneo ya jirani hukutana mapema na jambo hili: kijana mwenye nguvu kuliko wenzake wote ana kimo cha sentimita 168, ilhali yule mrefu wa kutisha akibebeshwa mtu hutetemeka magoti. Wengi humpa mrefu nafasi ya ubabe na kumwacha mfupi arukeruke kwenye kamba, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuona kwenye televisheni. Mwongozo huu ni wa mwandaaji anayetaka kufanya kinyume, yaani kumtangaza mfupi kuwa ndiye mbabe wa kundi, na kufanya hivyo kwa namna ambayo mtazamaji wa Majengo au wa Kibaigwa hatacheka. Jambo hilo linawezekana na limekwisha kufanyika mara nyingi, lakini linadai utaratibu, kwa sababu mtu wa kilo 150 huaminiwa kabla hajamgusa mpinzani, ilhali mfupi huaminiwa kwa kile tu anachokisogeza na kwa namna anayesogezwa anavyoanguka.

Anza na ukweli wa mizani

Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani ni desturi ya miaka mingi kumwongezea mwanamieleka sentimita na kilo anapotangazwa. Desturi hiyo ilistawi kwenye kumbi ambamo mtazamaji wa kawaida hukaa mbali na ulingo. Kwetu, watu husimama hatua chache kutoka kwenye kamba, na kesho yake humkuta mbabe huyohuyo akisubiri daladala. Zaidi ya hapo, hii ni kanda ya wakulima na wafanyabiashara wa nafaka, watu wanaoitambua lumbesa kwa jicho tu kabla gunia halijafika kwenye mizani. Ukimfunga kijana wako lumbesa ya sentimita kumi, wataifungua wao mbele yako. Mwanamieleka Bill Goldberg, ambaye hata hakuwa mfupi, alitangazwa na WCW, kundi la mieleka la Marekani, kuwa ameshinda mapambano 173 mfululizo kabla ya kuangushwa Desemba 1998, na mashabiki waliokuwa wakihesabu nyumbani walikwisha kung'amua kwamba idadi hiyo ilikuwa ikirukishwa. Ushindi wake ulikuwa mwingi wa kutosha bila nyongeza yoyote.

Kwa hiyo utangaze ufupi wake waziwazi, kisha utangaze uzito wa anaowanyanyua. Njia rahisi na ya gharama ndogo ni kuomba ruhusa sokoni, siku chache kabla ya onyesho, ili mpinzani mkubwa apande kwenye mizani ya mazao mbele ya watu na uzito wake usomwe kwa sauti. Mtu wa kilo 118 hamwambii mtazamaji chochote. Mtu aliyezidi gunia la mahindi la kilo 100, na juu yake ikaongezwa debe moja, anajulikana uzito wake na kila kuli aliyepo, kwa sababu yeye anaujua mgongoni. Mbabe wako awepo pale, asimame karibu na mizani, asibebe kitu na asiseme mengi. Ukimruhusu ambebe mpinzani siku hiyo bure sokoni, hutakuwa na cha kuuza mlangoni.

Ni vyema pia nguvu hizo ziwe za kweli. Mwanamieleka Bruno Sammartino, aliyekuwa na kimo cha takribani sentimita 178, aliingia ulingoni akiwa na rekodi ya mwaka 1959 ya kusukuma chuma cha ratili 565, yaani takribani kilo 256, akiwa amelala chali, na alipomnyanyua Haystacks Calhoun, aliyetangazwa kuwa na zaidi ya kilo 270, watu hawakuona sababu ya kubisha. Alishika ubingwa wa WWWF, kundi ambalo baadaye liliitwa WWE, tangu 1963 hadi Januari 1971, alipoupoteza katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa Ivan Koloff, ambaye naye hakuwa mrefu. Pambano lililodaiwa kuwanyamazisha watu ukumbini liliwakutanisha wababe wawili ambao kwa kimo wangepita mtaani bila kugeuziwa shingo.

Kumchagua anayefaa

Usichague mikono. Kijana mwenye misuli ya mikono iliyotuna na miguu myembamba huonekana mfupi zaidi anaposimama kando ya mrefu, kwani jicho la mtazamaji huanzia chini. Tafuta shingo nene, mgongo mpana, mapaja na nyonga zilizojaa, na zaidi ya yote tafuta mtu asiyeyumba anaposukumwa. Mjaribu kwa kumbebesha mwenzake mabegani, atembee naye mita kumi, kisha amshushe polepole hadi chini bila kumwachia. Kupandisha wengi wataweza. Kushusha kwa utulivu ndiko kunakoonyesha nani mwenye nguvu na nani mwenye pupa, na ndiko kutakakolinda shingo za wenzake. Huenda ukavutiwa kuwachukua makuli moja kwa moja kutoka soko la nafaka la Kibaigwa, na si wazo baya, lakini wafundishe upya, kwa kuwa gunia halina shingo na halihitaji kushushwa kwa huruma.

Kuhusu dawa za kukuza misuli, mtu mfupi anayesukumwa awe mbabe ndiye anayeshawishika kuliko wote. Tom Billington, Mwingereza aliyejulikana kama Dynamite Kid, alikuwa na kimo cha takribani sentimita 173. Alizitumia ili aendane na wakubwa, akapigana kana kwamba mgongo wake haungeisha, akamalizia miaka yake kwenye kiti cha magurudumu na kufariki Desemba 2018 siku aliyotimiza miaka 60. Mwandaaji anayemwambia kijana wake aongeze kilo 15 kabla ya Nanenane anapaswa kulijua hilo, na ajue pia kwamba kwa mpango ulioelezwa hapa kilo hizo hazihitajiki.

Anayeanguka ndiye mwenye kazi

Hapa ndipo waandaaji wengi wapya huharibu, kwa kuwa hutumia wiki nzima kumfundisha mbabe na jioni moja tu kumfundisha mpinzani wake. Karibu kila tendo la kunyanyua katika mieleka ya maonyesho hufanywa na watu wawili. Anayebebwa huruka kidogo, huweka mkono kwenye paja au kiuno cha mbebaji ili ajisukume, hukaza tumbo na mgongo ili mwili wake uwe kitu kimoja, kisha huinamisha kidevu kifuani na kutua kwa sehemu ya juu ya mgongo, akiwa ametandaza mikono na kutoa pumzi. Akijilegeza, kilo 118 huwa mzigo ambao hata mtu wa miraba minne hataumudu kwa urahisi. Akijikaza na kuruka kwa wakati, kijana mfupi aliyezoea mazoezi atampandisha.

Tatizo ni wakati wa kuruka. Akiruka mapema, watu wataona miguu ikiondoka chini kabla mbebaji hajajikaza, na kuanzia hapo hakuna mtakachofanya usiku huo ambacho kitaaminiwa. Kwa mbebaji mrefu kosa hilo husameheka, kwa kuwa mtazamaji yuko tayari kuamini. Kwa mfupi halisameheki kabisa. Mfundishe mpinzani asubiri mpaka mbabe awe amepinda magoti, amemkumbatia, na ameonekana akivuta mara moja bila mafanikio. Ndipo, katika mvuto wa pili, aruke, tena aruke kidogo kuliko anavyodhani inahitajika, ili sehemu ya mzigo ibaki kuwa ya kweli. Uso wa mbabe utaonyesha jitihada kwa sababu jitihada itakuwepo. Zoezi hili lifanyike juu ya magodoro mazito, mbele ya mkufunzi anayejua kuanguka, na mtu wa tatu akae kando akiwa tayari kushika shingo; hakuna kulifanya kwenye zege wala kwenye uwanja wa udongo mkavu wa Dodoma, ambao kiangazi huwa mgumu kama sakafu.

Chagua matendo yanayomfaa mfupi. Kumnyoosha mtu juu ya kichwa kwa mikono miwili si mojawapo, kwani mikono mifupi humfanya mpinzani aonekane karibu na ardhi, na watu wataanza kukadiria urefu badala ya kushangaa. Kinachomfaa zaidi ni suplesi, ile ya kumkumbatia mpinzani kiunoni kutoka nyuma na kumpindua juu ya kifua chako hadi atue kwa mabega. Hapo ufupi ni faida ya kweli: nyonga za mbabe huingia chini ya nyonga za mpinzani bila yeye kuhangaika kuinama, jambo ambalo wacheza judo na sumo wanalijua vizuri, na kadiri mpinzani anavyokuwa mrefu ndivyo miguu yake inavyochora duara kubwa zaidi hewani. Urefu wa mpinzani unakuwa sehemu ya sifa za mfupi.

Mtu aliyelithibitisha hilo kuliko wengine ni Taz, wa kundi la ECW la Marekani, aliyetangazwa kuwa na kimo cha takribani sentimita 175. Mwanzoni alivishwa kama mtu wa porini aliyechanganyikiwa, na hakuna aliyemwogopa sana. Mwaka 1995 alivunjika shingo, na aliporudi aliacha vituko vyote: akavaa nguo nyeusi na ya rangi ya chungwa, akajifunika taulo kichwani, akatembea kuelekea ulingoni bila kutabasamu, na akawapindua wakubwa mmoja baada ya mwingine kwa suplesi za kila namna, kisha akawamaliza kwa kabari ya judo. Tazama mantiki ya kabari hiyo. Jitu likishapigishwa magoti, urefu wake umeisha, na mfupi aliye mgongoni mwake ndiye anayeonekana mkubwa. Januari 1999 alimshinda Shane Douglas na kuwa bingwa wa kundi hilo.

Mfano mwingine ni Tomohiro Ishii wa Japani, mwenye sentimita 170 na takribani kilo 100, ambaye ubabe wake umejengwa zaidi juu ya kutoanguka. Hupigwa kifuani na mtu anayempita kichwa kizima, husogea mbele badala ya kurudi nyuma, naye hudai apigwe tena. Kijana asiye na kipaji cha suplesi anaweza kufuata njia hii, mradi mpinzani wake aonekane akichoka kwa kupiga.

Kupanga pambano lenyewe

Panga kila pambano la mbabe mfupi lizunguke tendo moja kubwa la kunyanyua, na mengine yote yawe njia ya kufika hapo. Namna nyepesi na ya kuaminika ya kuanza ni kugongana mabega. Wakimbie na kugongana mara ya kwanza, mkubwa asitikisike na mfupi asirudi nyuma zaidi ya hatua moja. Mara ya pili mkubwa ayumbe na ashangae. Mara ya tatu aanguke chali. Watu watakuwa wamehesabu wenyewe, na hakuna haja ya mtangazaji kueleza.

Kisha jaribio la kwanza la kumnyanyua lishindwe. Hulk Hogan alikuwa pande la mtu, lakini mbele ya André the Giant alikuwa mdogo, na katika pambano lao la Machi 29, 1987, lililofanyika Pontiac, Michigan, alijaribu kumbeba mwanzoni kabisa akaelemewa, André akamwangukia na nusura ashinde papo hapo. Ni baada ya dakika nyingi za kipigo ndipo Hogan alipombeba na kumbwaga. Ukweli ni kwamba Hogan alikwisha kumbeba André katika uwanja wa Shea, New York, mwaka 1980, lakini tendo hilo halikuandaliwa kwa namna hii na leo halikumbukwi na wengi. Kushindwa kwa kwanza ndiko kulikoupa uzito ufanisi wa baadaye, na mfupi wako analihitaji zaidi kuliko Hogan. Mgongo uonekane kumuuma, watu waamini kwamba haiwezekani, ndipo ifanyike.

Lifanyike mara moja tu. Nimeona maonyesho ambamo kijana mfupi anamnyanyua mpinzani yuleyule mara nne katika dakika kumi, na kufikia mara ya tatu watoto waliokaa mbele walikwisha kuelewa kwamba jitu linasaidia.

Ulingo, mavazi na sauti

Ulingo mdogo humkuza aliye ndani. WWE hutumia ulingo wa futi 20 kwa 20, yaani zaidi kidogo ya mita 6 kila upande, wakati ECW ya Taz ilitumia wa futi 18. Kwa onyesho la Dodoma hakuna sababu ya kuzidi huo wa pili. Epuka Uwanja wa Jamhuri mpaka umtengeneze jina, kwani kutoka majukwaani kila mtu ni mfupi na mfupi hupotea kabisa. Ukumbi wa watu mia tatu, dari isiyo juu sana, na jukwaa la ulingo lenye kimo cha mita moja, vitawafanya watazamaji wamtazame mbabe kwa kuinua macho. Wanaorekodi kwa simu wakae chini karibu na kona, wala wasipande kwenye viti.

Mbao za sakafu ya ulingo ziwe na mwangwi, na ukiweza weka kipaza sauti chini yake, kwa sababu mshindo wa anguko ndio unaomwambia mtu wa safu ya nyuma kilo ngapi zimetua. Wenzetu wa Soft Ground Wrestling huko Mukono, Uganda, wamepata umaarufu mkubwa kwa kupigana kwenye matope yaliyozungushiwa kamba na mianzi, na kwa kundi lisilo na mtaji wa ulingo ni mfano mzuri. Lakini matope humeza mshindo, hivyo mbabe wa aina tunayoizungumzia hatafaidika nayo sana.

Mavazi yawe machache na ya rangi moja iliyokolea, kaptura ikiwa na mkanda wa juu kiunoni ili miguu ionekane mirefu. Viatu vyenye soli nene ni vya kukwepa, kwa kuwa huonekana na hutegua vifundo vya miguu. Wakati wa kuingia, badala ya wimbo wa redio, kundi la akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma za muheme lingempa mfupi uzito ambao spika haziwezi kuununua, ikiwa bajeti inaruhusu kuwalipa ipasavyo. Atembee polepole. Jina lake lisitaje ufupi kwa utani wala lisidai ujitu. Dodoma imejaa majabali yaliyokaa chini na hayasogei, na jina la aina hiyo litaeleweka bila ufafanuzi.

Mtangazaji mzuri mara nyingi hupatikana kwenye vibanda umiza, miongoni mwa vijana wanaotafsiri filamu kwa sauti, lakini mwonye asiropoke. Kazi yake ni kutaja uzito wa mpinzani mara mbili, mwanzoni na kabla tu ya jaribio la mwisho, na kunyamaza mtu anapokuwa hewani.

Msimu mzima

Mbabe mfupi hajengwi kwa usiku mmoja, na mpangilio wa wapinzani ni muhimu kuliko idadi yao. Mapambano ya kwanza awashinde watu wa kimo chake kwa dakika mbili au tatu, bila kupoteza muda wala kucheka na watazamaji. Baadaye aletwe mtu mzito lakini asiye mrefu sana, kisha mrefu lakini mwembamba, na mwisho kabisa yule mwenye vyote viwili. Mwandaaji anayeanza na jitu kubwa kuliko wote hubaki hana ngazi ya kupanda.

Mpe pia mwenzi. Februari 1954, mwanamieleka wa Japani Rikidōzan aliposhirikiana na mcheza judo Masahiko Kimura dhidi ya ndugu Sharpe, wanaume warefu kutoka Kanada, Wajapani walijazana mitaani mbele ya televisheni za hadhara. Mara nyingi Kimura ndiye aliyepokea kipigo kirefu, na Rikidōzan, ambaye naye alikuwa mdogo kuliko wageni hao, aliingia kuwasafisha kwa mapigo ya kiganja. Mwenzi anayeteseka humpunguzia mbabe dakika za kuonekana mnyonge. Mpango huo una hasara yake, kwani Kimura hakufurahia nafasi aliyopewa, na mwaka huohuo wawili hao waliishia kupambana kwa uhasama. Mlipe mwenzi vizuri na umweleze kazi yake mapema.

Haya yote yanawahusu wanawake vilevile. Jordynne Grace wa Marekani, mwenye sentimita takribani 160 na aliyetokea kwenye michezo ya kunyanyua vyuma, aliwahi kuwa bingwa wa wanawake wa kundi la TNA akitegemea nguvu, na amewanyanyua wanaume ulingoni bila mtu kuona sababu ya kubisha. Huku kwetu, ambako binti abebaye ndoo mbili na mtoto mgongoni hashangazi mtu, kazi ya kuwashawishi watazamaji huenda ikawa nyepesi kuliko kwa wavulana.

Mwisho, amua mapema atashindwaje, kwa maana lazima siku moja ashindwe. Asishindwe kwa kubebwa kirahisi kama mtoto, kwani tendo hilo moja hufuta msimu mzima. Wala asishindwe kwa kukimbia. Machi 1998, mjini Asbury Park, Bam Bam Bigelow, mwenye uzito mkubwa kuliko Taz kwa mbali, alimchukua Taz ubingwa aliokuwa nao wakati huo kwa kujirusha chali huku Taz akiwa ameganda mgongoni na kabari yake, na wote wawili wakatoboa sakafu ya ulingo wakazama chini yake. Taz alipoteza mkanda, lakini ilibidi sakafu ivunjike kwanza. Huna haja ya kuvunja ulingo ambao pengine umeuazima. Inatosha jitu litumie silaha zake zote, lidondokee juu yake mara mbili au tatu, na bado mwamuzi ahesabu hadi tatu huku mkono wa mfupi ukiwa umeanza kunyanyuka. Atoke kwa miguu yake, bila machela, na katika pambano lake linalofuata ampindue mtu wa uzito uleule ndani ya dakika ya kwanza.